Harufu Sio Kipimo: Nani Amepima Udongo Wetu Nyeri?

Leo siongei siasa wala mambo ya mahusiano. Kama ulikujia hizo, kaa tu, hii pia inakuhusu. Leo naongea kuhusu udongo.

Tembea kwa gereji yoyote ya jua kali hapa Nyeri, ama Karatina, ama Nanyuki. Angalia chini. Udongo wetu wa mlimani ni mwekundu, kila mtu anajua. Ukivaa viatu vyeupe mwezi wa Aprili, mvua inakuonyesha. Lakini hapo gereji chini ni kweusi. Kumeshindiliwa, kunang'aa, na hakuna hata nyasi inaota. Hiyo rangi haikuletwa na Mungu. Ni oili chafu ya miaka kumi, ishirini, thelathini, imemwagika kidogo kidogo kila siku, na fundi ambaye hakuna mtu aliwahi kumwonyesha pa kuipeleka.

Sasa angalia ng'ambo ya ukuta. Kuna ploti ya ghorofa nne. Kuna hosteli. Na kwa sababu mfereji siku zingine hukauka, mwenye ploti amechimba kisima, akaweka pampu, akapandisha tangi nyeusi juu ya paa. Wanafunzi, watoto, mama wa chapati pale kibandani, wote wanatumia hayo maji.

Uliza kama kuna mtu amewahi kuyapima. Mara nyingi utajibiwa hivi: "Wee, haya maji ni safi. Hayana rangi, hayana harufu."

Hilo jibu ndilo limenifanya niandike. Kwa sababu harufu sio kipimo. Macho pia sio kipimo. Na mji unaokua kwa kasi kama wetu hauwezi kuendelea kuamini pua.

Tunakumbuka mafuta yakiwaka tu

Kenya tunajua mafuta yanaua. Januari 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan kule Molo, watu wakakimbia kuteka, likalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwa bomba ikaingia kwenye mtaro unaopita mtaa wa Sinai, Nairobi. Ikawaka. Tena zaidi ya watu 100. Hizo tunazijua kwa sababu kulikuwa na moto, na moto unaleta kamera.

Lakini kuna mafuta yanayoumiza bila moshi. Mwezi wa Mei 2015, bomba la Kenya Pipeline la Mombasa hadi Nairobi, lililokuwa likitumika tangu 1978, liligunduliwa linavuja Thange, huko Kibwezi, Makueni. Mafuta yaliingia kwenye udongo, mtoni na kwenye visima. Watu wa Thange walikuwa wakulima, mto ndio ulikuwa mshahara wao. Hakuna mlipuko uliotokea. Hakuna picha ya ndimi za moto. Kulikuwa tu na maji yenye mafuta, mashamba yaliyoharibika, na watu wanaouliza kama watoto wao wanaweza kunywa hayo maji.

Kesi ilichukua muda gani? Ilikuwa Julai 2025 ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Makueni iliamuru wakazi zaidi ya 3,000 walipwe takriban shilingi bilioni 3.8. Miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa wiki ile mafuta yalipoonekana alikuwa ameshajua kusoma, kuandika na kupiga hesabu ya kugawanya kabla jaji hajasema neno. Na 2019, bomba lingine la Kenya Pipeline likavuja Kiboko, si mbali na hapo.

Najua unachofikiria. "Hiyo ni bomba la taifa. Nyeri hatuna bomba." Ni kweli, hapa mafuta yanakuja kwa lori. Lakini lori likifika linamwaga wapi? Kwa tangi lililozikwa chini ya kituo cha mafuta. Tangi la chuma likikaa ardhini miaka mingi linashika kutu kama mabati ya cucu. Marekani walipoanza kuangalia matangi yao ya chini ya ardhi miaka ya 1980, walipata yanavuja, na hadi sasa wamehesabu zaidi ya nusu milioni ya visa. Nusu milioni! Na hiyo ni nchi yenye pesa ya kuangalia. Sisi tunaishi kana kwamba matangi yetu yalitengenezwa mbinguni.

Litre moja tu

Wacha tupige hesabu ndogo, hesabu ya nyuma ya kitabu.

Ndani ya petroli kuna kitu kinaitwa benzeni. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo vinajulikana kabisa kuleta saratani kwa binadamu. Inashambulia uboho, mahali damu inatengenezwa, na inahusishwa na saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za benzeni kwa lita. Mikrogramu 10 ni sehemu kumi za milioni ya gramu moja. Ni kitu kidogo hadi huwezi kukiona.

Chukua lita moja ya petroli yenye asilimia 1 ya benzeni. Hapo una kama gramu 7 za benzeni. Gawanya kwa kiwango hicho. Gramu 7 zikiyeyuka zote, zinatosha kufikisha lita 700,000 za maji kwenye mpaka wa kutokunywa. Hayo ni matangi 70 ya lita 10,000. Kutoka kwa lita moja. Ile lita unayobebewa na boda kwa chupa ya soda.

Na pua yako? Benzeni peke yake kwenye maji, pua inaanza kuisikia ikiwa imepita hicho kiwango mara nyingi sana. Siku utakayosema "haya maji yananuka petroli", ujue umechelewa. Kabla ya hapo ulikuwa unasema "hayana harufu" na unajaza jagi.

Halafu kuna wale wa "si tutachemsha". Kuchemsha kunaua bakteria, na ni vizuri kwa kipindupindu. Lakini benzeni haina uhai wa kuuawa. Ukichemsha, inatoka kwa sufuria inaingia hewani jikoni, na wewe ndiye umesimama hapo unapuliza jiko. Dawa ya klorini pia haiiondoi.

Oili chafu nayo ina tabia yake. Haikimbii kama petroli, inakaa. Lakini imebeba vumbi la vyuma kutoka kwa injini na masizi ya kuungua, na baadhi ya hayo masizi pia yanaleta saratani. Shirika la mazingira la Marekani hutoa mfano mmoja: oili ya gari moja ikibadilishwa mara moja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji, karibu lita milioni nne. Sisi tunaipaka kwa nguzo za ua ili mchwa wasile. Tunaimwaga barabarani ili vumbi litulie. Tunaimwaga mtaroni, mvua inaichukua, na Nyeri mtaro unajua njia ya kwenda Chania, kama wa Karatina unavyojua njia ya kwenda Ragati.

Chanzo, njia, mtu

Sasa, sitaki mtu atoke hapa akiwa na hofu, anaogopa hata kunawa uso. Hofu bila kipimo ni sawa tu na kupuuza bila kipimo. Zote ni kubahatisha.

Wataalamu wanaopima hatari ya udongo wenye mafuta huuliza maswali matatu, na wewe unaweza kuyauliza bila digrii. Chanzo kiko wapi? Njia ni gani? Na mwisho wa hiyo njia kuna nani?

Chanzo ni tangi linalovuja, gereji, mahali lori lilipinduka, kituo cha mafuta kilichofungwa zamani. Usisahau kwamba Kenya tulitumia petroli yenye madini ya risasi hadi mwanzoni mwa 2006. Kituo cha zamani kinaweza kuwa na deni la enzi hizo chini ya sakafu.

Njia ni nyingi kuliko unavyofikiria. Petroli ikishuka inafika kwenye maji ya ardhini na kuelea juu yake, na sehemu inayoyeyuka inasafiri na hayo maji. Mvuke wake unapanda, unaingia nyumbani kupitia nyufa za sakafu. Vumbi la udongo linaingia mdomoni mwa mtoto anayecheza chini. Na fundi, yeye anabeba njia kwa mikono yake, kila jioni, hadi nyumbani.

Mtu ni wewe. Ni mjamzito wa nyumba ya chini. Ni mwanafunzi wa hosteli.

Ukikata njia, hatari inashuka hata kama chanzo bado kipo. Na hapa lazima niwe mkweli: ardhi hujitetea. Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi, unapunguza kasi ya mafuta. Kuna bakteria udongoni wanaokula mafuta polepole. Mara nyingi sumu haisafiri mbali. Ndiyo maana hakuna haja ya kuchimbua mji mzima.

Lakini "mara nyingi" sio "kila mara". Chini ya huo udongo kuna mwamba wa volkeno wenye nyufa, na kwenye ufa maji hayaombi ruhusa. Kisima kilichochimbwa haraka bila kuzibwa vizuri pale juu kinageuka kuwa mrija wa kuteremsha uchafu moja kwa moja. Sasa wewe utajuaje kama ploti yako iko kwenye "mara nyingi" ama iko kwenye ufa? Utapima. Hakuna njia nyingine.

Visingizio tunavyovipenda

Cha kwanza: "Sisi ni watu wa mlima, maji yetu ni ya theluji."

Hii tunaipenda sana. Tunapiga picha kilele asubuhi, tunaandika "maji safi, hewa safi". Mlima ni safi, sawa. Lakini maji ya kisima chako hayakuruka kutoka kileleni hadi kwa pampu. Mengine yalinyesha hapohapo mjini, yakapita kwenye gereji, kwenye maegesho, kwenye mtaro, ndipo yakashuka. Mlima haukuoshei ploti.

Na tuache unafiki kidogo. Kila mwaka tunamposti Wangari Maathai, msichana wa Ihithe, Nyeri hapahapa, aliyeshinda Tuzo ya Nobel 2004. Tunapanda miche, tunapiga picha, tunarudi mjini na gari linalovuja oili. Yule mama hakuwa anapenda miti kwa sababu ni mizuri kwa picha. Alianza na akina mama waliokosa kuni na maji. Kama tunamheshimu, tuheshimu pia kile ambacho mti unasimama juu yake.

Cha pili: "Unataka kuua jua kali. Vijana watakula nini?"

Hapana. Sikiza vizuri. Yule kijana aliyelala chini ya matatu, mgongo kwenye udongo mweusi, ndiye wa kwanza kuumia. Ngozi yake inagusa oili kutoka asubuhi hadi jioni. Anavuta petroli kwa mpira na mdomo. Anakula mkate na mikono hiyohiyo kwa sababu hakuna bomba la kunawa. Halafu mtu anakuja kuniambia kwamba kumtetea ni kumwacha hivyo! Kila siku anatozwa ada, na hiyo ada haijawahi kumrudia hata kama sakafu ya simiti. Mimi sitaki gereji ifungwe. Nataka iwe na sakafu, iwe na pipa la oili chafu, na mtu mwenye leseni aje kuichukua. Anayewaua jua kali ni yule anayechukua pesa yao na kuwaachia matope.

Cha tatu: "Kupima ni ghali."

Ghali ukilinganisha na nini? Mtu ana pesa ya kujenga ghorofa nne, ya kuweka vigae hadi kwa choo, ya geti la umeme, halafu pesa inaisha ikifika kwenye chupa ya maji ya kupeleka maabara? Muulize mtu wa Thange ni nini ghali. Bilioni 3.8 ndiyo bei ya kutoziba ufa, na bado haijarudisha miaka kumi ya mtu yeyote.

Tunachotaka

Sheria sio shida. Katiba kifungu cha 42 inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 43 kinakupa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuhusu haki ya mazingira bila hata kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Sheria ya mazingira ya 1999 inasema mchafuzi alipe. NEMA wapo, EPRA wanaotoa leseni za vituo vya mafuta wapo, Mamlaka ya Rasilimali za Maji inayotoa vibali vya visima ipo. Ofisi tunazo. Karatasi ndizo hatuoni.

Kwa hivyo mimi naomba vitu vitatu, na sio vya ajabu.

Kwanza, kituo cha mafuta ama gereji ikifungwa na mtu akitaka kujenga nyumba ama hosteli hapo, udongo upimwe kabla kaunti haijapitisha ramani. Sio baada. Kabla. Kumwaga simiti juu ya udongo wenye petroli sio kusafisha, ni kufunika sufuria.

Pili, visima vya shule, hosteli na ploti za kupangisha vilivyo karibu na mafuta vipimwe kwa ajili ya mafuta. Nasisitiza hapo. Kipimo cha kawaida cha kisima kinaangalia bakteria, chumvi, chuma, floridi. Ni vizuri, lakini benzeni haionekani kwa hicho. Lazima uiombe kwa jina. Na matokeo yabandikwe getini, tusome kama tunavyosoma tangazo la "nyumba ya kupangisha".

Tatu, kila mji huku mlimani, Nyeri, Karatina, Nanyuki, Chaka inayokua kila wiki, uwe na mahali rasmi pa kupeleka oili chafu. Ijengwe na ada ambazo mafundi tayari wanalipa.

Na wewe unayesoma? Usiniachie kazi yote. Ukienda kutafuta keja, usiulize tu kama kuna intaneti. Uliza maji yanatoka wapi na hapa palikuwa na nini zamani. Waulize wazee wa mtaa, wao ndio ramani. Guka mmoja anaweza kukuambia kwa dakika mbili kile ambacho ofisi itakuzungusha mwezi mzima: "Hapo? Hapo palikuwa na petroli, wakafunga."

Ukitaka kwenda mbali zaidi, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Omba ripoti ya ukaguzi wa mazingira ya kituo kilicho karibu nawe. Andikeni mkiwa kumi, ishirini. Barua moja inaweza kupotea kwa droo. Barua hamsini haziingii kwa droo.

Na mkienda kupima, msibebe chupa ya soda. Benzeni hupotea hewani. Maabara hutoa chupa maalum za kioo, unajaza hadi juu kabisa bila kuacha hewa, unafunga, unaweka kwa baridi na kupeleka haraka. Wanafunzi wa Kimathi na wa Karatina, hii ni kazi yenu. Mnatafuta mada za miradi ya mwaka wa mwisho kila mwaka, na mada iko chini ya viatu vyenu.

Kuna sababu nyingine ya kupima sasa, hata kama maji yako yako sawa. Siku mafuta yakivuja, swali la kwanza mtakaloulizwa ni: "Mnajuaje yalikuwa safi kabla?" Mtu mwenye karatasi ya leo atajibu. Asiye nayo atabaki akisema yalikuwa hayana harufu.

Mimi sijasema maji yako yana sumu. Nimesema hujaonyeshwa karatasi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yeyote atakayekukasirikia kwa kuomba karatasi, muulize mbona anakasirika.

Leo jioni ukirudi kwa ploti, kabla ya kujaza jagi, piga simu moja kwa mwenye nyumba. Swali ni moja tu: "Hiki kisima kilipimwa lini, na kilipimwa nini?"

Akikujibu na karatasi, mshukuru, ni mtu wa maana. Akikujibu na harufu, unajua pa kuanzia.